Mama Alimrudisha Dereva Niliyemtuma

Naomba jina langu lisitajwe, maana huku Gazi tunajuana wote. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, mpishi katika hoteli moja Diani. Mama yangu ni mjane, anaugua sukari, na mimi ndiye mwanawe pekee aliye hai, kwa hiyo nilioa na kubaki nyumbani kwake.

Mke wangu aliposhika mimba tulikwenda kliniki pamoja. Mara nyingi nilikuwa mwanamume peke yangu pale, wanawake wakinicheka, lakini nesi alinifundisha dalili zote za hatari. Tukakubaliana atajifungulia hospitali.

Siku yenyewe nilikuwa kazini. Akanipigia asubuhi: "Mume wangu, chupa imepasuka, na maji ni ya kijani."

Nilijua maana yake: mtoto yumo hatarini. Nikampigia dereva wa tuktuk tuliyepatana naye, akaniambia anakwenda. Nami nikaomba ruhusa. Bosi alinizungusha mpaka adhuhuri, na simu ya mke wangu ikawa haipokelewi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mke wangu bado yuko mkekani, hana nguvu hata ya kulia. Mama alikuwa amemrudisha dereva.

"Mwanangu, haya ni mambo ya wanawake," akasema. "Nilipokuzaa wewe, baba yako aliulizwa nini? Mkunga yumo ndani, tulia."

Nikambeba mke wangu, mama akinivuta shati. Hospitali daktari alitafuta mapigo ya moyo, akatafuta tena, kisha akaniomba nikae chini. Mtoto wetu wa kiume alikuwa ameshafariki tumboni.

Mke wangu sasa yuko kwao Ramisi. Nimemfuata mara nyingi. Ananiambia, "Nakupenda, lakini nyumba ya mama yako siingii tena. Kama huwezi kuhama, nipe talaka yangu."

Nikamweleza mama. Hajasema hata pole. Alisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na nikihama nisahau radhi zake. Ameshaanza kunitajia binti wa shangazi, eti nimwoe.

Kila jioni ananipakulia chakula, nami naisukuma sahani kando. Nikihama, nani atamchoma sindano zake? Nikibaki, nimempoteza mke pia.

Nishaurini, ndugu zangu mlio na mama na mlio na wake. Nimechoka. Nikiinua mikono kuomba, sijui hata niombe nini.