Nangila Aliyekataa Kuongeza Miaka

Pale Rhonda, mtaa wa Nakuru, mtu akitaka kufunguliwa akaunti ya mtandao alikwenda kwa Nangila. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, na yeye, baada ya kuchoka na vibarua vya mashamba ya maua kule Naivasha, alifungua saiba, duka la mtandao lenye kompyuta tatu. Miaka ya kwanza hakuuliza maswali. Mzazi akimleta mtoto wa miaka kumi, Nangila alimwandika ishirini, basi.

Ndivyo alivyomwandika Sally, binti ya dada yake, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtandao ukamhesabu Sally mwanamke mzima, na wanaume wazima wakaanza kumwandikia. Mmoja alimwita amfuate Eldoret. Mamake alimkuta steji ya matatu, begi mgongoni. Tangu hapo Nangila hakumwongezea mtoto yeyote umri, hata kwa siku moja.

Kwa hivyo redio ilipoanza kuzungumzia sheria ya kuweka umri wa chini wa watoto kuingia mitandaoni, wazazi walimjia mbiombio, kila mmoja akitaka mwanawe aingizwe kabla mlango haujafungwa. Aliwarudisha wote. Wengine walisema ana roho mbaya, wakahamia saiba ya ng'ambo ya barabara.

Kisha akaja Mzee Elphas, mwenye nyumba ilimokuwa saiba na mzee wa kanisa, na mjukuu wake Kimberly, msichana wa miaka tisa mwenye sauti ya kuliza watu. Mzee alitaka nyimbo za mjukuu zionekane mtandaoni.

"Mwandike amezaliwa elfu mbili na nne," alisema. "Hata hiyo sheria bado haijapita."

"Mimi singojei sheria, mzee. Nilishaandika uongo kama huo, nikakaribia kumpoteza mtoto wa dada yangu."

Mzee akamkumbusha chumba ni cha nani.

"Chumba ni chako," Nangila akajibu. "Mkono wa kuandika ni wangu."

Wiki hiyo hiyo alipewa notisi ya kuhama. Hakuomba msamaha wala hakutuma mtu wa kumwombea. Alipakia kompyuta kwenye mkokoteni mchana kweupe, majirani wakitazama, akazisukuma hadi mtaa wa Kaptembwo, kwenye kibanda kisicho na dari. Siku ya kwanza hakupata mteja. Siku ya pili mama mmoja alileta mvulana wa gredi ya tano, akaomba aongezewe miaka. Nangila alimvutia kiti, akamsimulia yaliyompata Sally, bila kuficha ni nani aliyeandika ule mwaka. Kisha akakataa.