Jiwe Lililolala Kifudifudi

Nililipata nikilima mihogo nje kidogo ya mji wa Kamina: jiwe la kusagia, pana kama sinia, limelala uso chini ndani ya udongo mwekundu. Hakuna anayekumbuka kijiji mahali pale. Mambo ya mawe ya kale nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na kanuni ninayoishika ni hii: ukitaka kujua kazi ya jiwe la watu waliopotea, tazama kwanza walio hai wanavyotumia la kwao, kisha linganisha alama. Umbo peke yake hudanganya.

Kulala kwake ndiko kulikonishika. Katika ukoo wetu mwanamke akifa, jiwe lake hugeuzwa uso chini, mkono mwingine usije ukafuta njia za mkono wake. La mama limelala hivyo nyuma ya jiko la dada yangu mkubwa tangu tulipomzika. Nilitamani niweze kusema kwamba mwanamke wa kale mwenye jiwe la shambani naye alikuwa na mtu wa kumgeuzia jiwe.

Jiwe lililotupwa huwa limekwisha kulika. Hili la shambani lilikuwa bado linafaa. Nilihitaji kuona la mama liliachwa likiwa limelika kiasi gani, kwa hiyo nikaenda kwa dada.

“Weye unataka kufunula jiwe ya mama?” akasema. “Ile bitabu yako haina na mama?”

“Haina, yaya,” nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Akacheka kidogo, akajifuta mikono. “Minyi njo nitaigeuza. Weye usiguse.”

Akaligeuza mwenyewe taratibu, akalimwagia maji. Lilikuwa zima, kama lile la shambani. Nilikaribia kusema kwamba la shambani nalo liligeuzwa kwa msiba, kisha nikajizuia: hata wanaohama huacha mawe mazima, kwa sababu ya uzito, na jembe la mtu yeyote laweza kugeuza jiwe. Sikuwa na haki ya kusema lolote juu ya msiba wa yule mwanamke.

Tena mikwaruzo ya mawe yale mawili haikufanana. Ya shambani imenyooka. Ya mama inakwenda mshazari, ikizama upande wa kushoto. Nikamwuliza dada kwa nini.

“Juu weye ulikuwa ku mugongo,” akasema, akigusa bega lake la kushoto. “ Kichwa yako ilikuwa muzito, inaanguka uku. Mama alikuwa anainamisha bega, usiamuke.”

Nikamwomba anionyeshe. Kusaga juu ya jiwe lile hakuruhusiwi, basi akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono mitupu juu ya jiwe bila kuligusa, akaanza kwenda na kurudi. Bega la kushoto likashuka. Shingo ikapinda. Kwa nyuma, na kitambaa kichwani kama cha mama, hakuwa dada tena.

Akasimamisha mikono. “Umeisha kuona?”

“Bado, yaya,” nikasema. “Rudilia tena.”