Ng'ombe Sita wa 142857

Juzi binti yangu, akifanya kazi ya shule mezani, alizidisha 142857 kwa mbili kwenye simu, akapiga kelele: "Mama, zimerudi namba zilezile!" Nikacheka hadi chai ikanimwagikia. Rafiki yangu, namba ile naijua tangu nina magoti ya vumbi, kijijini kwetu karibu na Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Wakati huo kila mwanafunzi alibeba mtungi wa maji asubuhi kutoka mto Tana hadi shuleni. Mimi, mvivu wa kuzaliwa, niliuchukia ule mwinuko wa ukingoni kuliko kiboko cha mwalimu. Basi mwalimu wa hesabu akaandika namba ile ubaoni: atakayeizidisha kwa mbili hadi sita siku ya Ijumaa, kwa kichwa tu, hatabeba maji muhula mzima. Sijawahi kupenda hesabu ghafla namna ile.

Jioni nilikuwa nikiwarudisha ng'ombe sita wa nyanya yangu. Walitembea mstari mmoja, kila mmoja akimfuata yuleyule wake wa siku zote. Wa mbele wakisimama kung'oa nyasi, walijiunga mkiani, na mpangilio haukuvunjika. Nikawapa majina: Moja, Nne, Mbili, Nane, Tano, Saba. Nikazidisha kwa mbili mchangani, nikapata 285714. Mbili kaongoza, Moja na Nne wamehamia mkiani! Kwa tatu akaongoza Nne, kisha Tano, kisha Saba, kisha Nane. Kiongozi mpya, kundi lilelile.

Nikaingia zizini nikiimba, "Moja, Nne, Mbili..." Nyanya nusura aangushe kibuyu cha maziwa. "We mtoto! Wahesabu ng'ombe wangu? Kwani wataka wapungue?" Kwetu sisi Waorma ng'ombe hahesabiwi, hujulikana. "Asiyekuwepo hujitaja mwenyewe," nyanya alizoea kusema. Niliapa kwamba ni majina tu. Nililala bila maziwa.

Ijumaa nilifumba macho, nikawaona wakija na vumbi lao, nikawataja mmoja mmoja hadi mara sita. "Na mara saba?" mwalimu akanichokoza. Nikatafuta kiongozi, wote walikuwa wameshaongoza. Nikamrudia Moja. Mwalimu akacheka, akaandika 999999. Nilipomsimulia nyanya kwamba mwishowe wote walifanana, rangi moja, pembe moja, alifikiri sana. "Wa namna hiyo, mjukuu wangu," akaninong'oneza, "hata mimi ningewahesabu."

Mara saba haikuwa kwenye ahadi, kwa hiyo nilishinda. Jumatatu nikakaa darasani peke yangu kama bibi harusi, nikiwasikia wenzangu wakirushiana maji huko mtoni. Jumanne nilibeba mtungi bila kutumwa. "Heee, bingwa! Ushindi umekuchosha?" wakanizomea, wakanilowesha hadi kiunoni.

Siku hizi shule ina bomba, na njia ya mtoni imemezwa na mathenge, ule mti vamizi wa miba. Bomba ni neema. Mvivu kama mimi nitalikataaje? Ila halijawahi kunivizia kwa nyuma, likanimwagia maji mgongoni, nikakimbia nikicheka.