Chuo Kisicho na Kiwanja

Chuo chetu kiko Al Muraqqabat, juu ya duka la simu na saluni. Tunasoma mambo ya hoteli jioni tukishatoka kazini, na mwalimu akianza habari za kumhudumia mteja darasa zima linaguna, maana mteja tumetoka kwake muda huohuo. Kiwanja hatuna. Hata pa kuegesha baiskeli hatuna. Lakini timu ya netiboli tunayo, na nasema bila haya kwamba ni nzuri.

Wakati huo ligi ya netiboli ya wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Dubai ilikuwa na vyuo vitano na ilitaka cha sita. Tulioomba tulikuwa wawili: sisi, na chuo kimoja cha biashara chenye kiwanja chake na basi lake. Ukiniuliza mimi, basi halifungi mabao. Ila kamati ilituuliza swali ambalo lilitukosesha raha. Desturi ya ligi ni kwamba kila timu ina zamu ya kuwa mwenyeji, na mchezo ukiisha mwenyeji huwalisha wageni, washinde wasishinde. Sasa nyinyi msio na kiwanja, walisema, mtatulisha wapi?

Niliumia. Naishi International City, katika chumba kilichogawanywa kwa mbao, mwenzangu mmoja kitanda cha juu, mwingine upande wa pili wa ubao. Wageni hawaruhusiwi, na mlinzi wa jengo anamjua kila mpangaji hata kwa kikohozi chake. Kazini, hotelini kule Marina, nakaribisha watu kutwa nzima, lakini wote ni wageni wa mtu mwingine. Tangu niondoke Morogoro sijawahi kumwambia mtu karibu kwa niaba yangu mwenyewe. Nilitaka kuingia ligi ile kuliko nilivyotaka cheti.

Wazo lilitoka kwa kapteni wetu, Mkenya, anayefanya kazi ya ulinzi katika mnara mmoja wa ghorofa hukohuko Marina. Tulikuwa tumeitwa Jumapili tukajieleze mbele ya kamati, nyumbani kwa mwenyekiti, mama wa Kizanzibari ambaye familia yake iko Deira tangu sijazaliwa. Kapteni akasema maneno hayatoshi, twende na chakula. Tukapika pilau kwenye jiko la wapangaji wote anakoishi kapteni, tukiwabembeleza waliotangulia kuweka masufuria yao, tukaifunga sufuria kwa khanga na kupanda nayo basi, kisha metro. Behewa zima likanukia pilau, na watu wakatutazama kwa lawama.

Jambo moja hatukulifikiria, nalo lilikuwa wazi kama mchana. Mama yule alikuwa ametupikia. Biriani yake ilikuwa tayari mezani, imefunikwa vizuri, na sisi hao mlangoni na sufuria yetu, kama tuliosikia kwamba nyumba ile haiwashi jiko. Aliitazama khanga, uso ukambadilika.

"Wanangu," alisema, "nani kakwambieni kwangu kuna njaa?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kapteni, ambaye mdomo wake haupumziki, aliangalia viatu vyake. Nikajikuta nasema mimi.

"Mama, tusamehe. Mliuliza tutawalisha wapi. Pa kuwalishia hatuna, ila kulisha tunaweza."

Alipokea sufuria, akafunua, akauliza tumepikia wapi. Nikamweleza habari za jiko la wapangaji na za metro. Aliposikia ya metro alicheka kidogo, na mimi nikaanza kupumua. Akapakua pilau yetu kwanza, akawapa wanakamati wote, biriani yake ikingoja.

Katibu wa kamati alikuwa binti wa chuo kikuu kimoja chenye ukumbi wa michezo na kiyoyozi. Alipinga huku akila. Alisema sisi ni watu wa shifti, siku ya mchezo nusu ya timu itakuwa kazini. Hakuwa amekosea, mazoezi yetu mengine yalikuwa ya kutia huruma kwa uchache wetu. Hapo kapteni akapata sauti.

"Shift tunabadilishana, hiyo ndio life yetu. Tukisema tunakuja, tunakuja."

Mama akasema chuo cha biashara kina kiwanja, hakitakosa wa kucheza nao, na msimu ujao kiombe tena. Hawa tukiwafungia mlango, alisema, hawana pengine pa kwenda. Kisha akamgeukia katibu.

"Zamu yao ikifika, mwanangu, mtawapa ukumbi wenu. Na siku hiyo nyie ndio wageni. Msiguse hata mwiko."

Wanakamati wakakubali mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa katibu, aliyekubali huku akijiongezea pilau. Khalas, tukaingia. Kwenye metro ya kurudi tulicheka hovyo, sufuria tupu mapajani.

Zamu yetu ilipofika tulicheza na chuo cha katibu, ndani ya ukumbi wao. Tulifungwa, na sitaki kulizungumzia. Kapteni alikuja moja kwa moja kutoka shifti, macho mekundu, akacheza mpaka mwisho.

Kisha nikasimama mlangoni pa ukumbi usio wangu, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Katibu alikuwa mbele ya mstari, jasho likimtiririka.

"Karibuni," nikasema.

Akanyoosha mikono, nikammiminia.

"Asante, mwenyeji," akajibu, kwa kawaida tu, akinawa.

Nikaendelea kumwagia maji mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.