Sabuni Ishirini na Tatu

Shangazi yangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na mimi niliyesomeshwa kwa jasho hilo hilo ndiye niliyekuwa nikimcheka.

Nilichokuwa nikikicheka ni ukuta wake. Nyuma ya mashine ya kukaushia, pale ambapo msimamizi hafiki kwa sababu ya joto, aliandika neno "sabuni" kwa kila lugha aliyoipata, kwa ule wino mweusi wa kutilia alama mashuka. Sabun ya Kituruki. Sabulu ya Kihausa. Sabão ya Kireno. Savon ya Kifaransa. Yalifika ishirini na tatu. Kando ya kila moja aliandika aliyemfundisha: dereva wa lori aliyevunjika mbavu, mama wa mapacha, fundi wa lifti. Wenzake walimwita Profesa.

Na alikuwa na masharti, si mchezo. Alikupa kipande cha sabuni mkononi, akanyamaza mpaka ulitaje neno mwenyewe.

"Mtu ukimuuliza, anakujibu kwa lugha anayodhani unaitaka," alisema. "Akishika kitu, anasema ya mama yake."

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya isimu, kichwa kimevimba. Nikamweleza kwamba hayo yote ni neno moja tu: Waarabu walilipata kutoka Kilatini, na Walatini nao waliliazima kwa makabila ya kaskazini.

"Kwa hiyo shangazi unakusanya kitu kimoja mara ishirini na tatu."

"Na nyinyi wajukuu wa bibi mmoja mko wangapi? Kwa hiyo nisiwajue kwa sura?"

Nikamwambia chai inapoa.

Mwaka huo aliletwa bibi mmoja aliyeokotwa kituo cha mabasi, mguuni ana kidonda kibaya. Hana karatasi, hana mtu. Kila nesi akisogea na mkasi wa bandeji, bibi anapiga kelele na kurusha teke kwa ule mguu mzima. Daktari alisema kidonda kisiposafishwa ndani ya siku mbili, mguu utakatwa. Nikaitwa mimi kutoka nyumbani, msomi wa lugha. Nilijaribu lugha sita, Kifaransa kikiwemo, na bibi alinitazama kama redio iliyoharibika. Nilibaki nimesimama pale, nimenywea.

Ndipo shangazi akaingia na mashuka safi. Akayatua, akatoa kipande cha sabuni kwenye mfuko wa aproni, akamwekea bibi kiganjani, akakaa kimya. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilitamani kumvuta mkono tuondoke, kwa aibu. Bibi akakigeuza kile kipande, akakinusa, akasema polepole: "Savony."

"Kifaransa!" nikadakia, kama vile si mimi niliyetoka kushindwa kwa Kifaransa dakika kumi zilizopita.

"Siyo. La Kifaransa linaishia puani. Hili nimeshalisikia kwa mtu."

Akatoka mbio na ndala zake mpaka ukutani, nami nyuma yake. Mstari wa kumi na saba: Kimalagasi cha Madagaska, mpishi wa hoteli ya ng'ambo ya barabara, aliyeungua mkono. Alasiri ile ile mpishi alifika na kofia yake ya kazi. Alitamka maneno matatu tu, bibi akaangua kilio. Wakaongea sana. Kumbe tangu siku ya kwanza bibi aliamini ule mkasi umekuja kumkata mguu.

"Nimemwambia ni kuosha tu," mpishi akamwambia daktari. "Amekubali. Ila anataka aoshwe na huyu mama wa sabuni."

"Dobi hagusi vidonda," daktari akasema. "Ni kanuni."

Nesi mkuu akautazama mguu, akamtazama daktari, kisha akamletea shangazi glavu. "Nitasimama hapa hapa, dada. Nitakuelekeza."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita shangazi wodini isipokuwa kuleta mashuka safi na kuchukua machafu. Akavaa glavu, akapiga magoti. Mimi nilishika beseni, na sijawahi kujivunia kazi yoyote kama ile.