Nilipaka Piko Juu ya Doa la Dada Yangu

Jamani, kosa ni langu, sina wa kumusukumia. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi napaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua, hapa Rumonge. Dada yangu mukubwa anauza ndagala, vile visamaki vya ziwa, sokoni. Tulipokuwa tunatayarisha arusi ya binti yake, nikaona doa jeusi chini ya kisigino cha dada. Haliumi, haliwashi. Akasema anataka kulionyesha kwa muganga wa hospitali.

Nikamukatalia! Wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba piko yangu inaunguza ngozi. Wakiona kisigino cha dada yangu mwenyewe, nani ataniita tena? Nikamwambia ni piko ya zamani imeingia ndani, itatoka polepole. Akanisadiki. Nikachora maua mpaka kwenye wayo, doa likapotea.

Wallahi, nilijua si rangi. Piko inafifia, hata ile kali. Lile doa lilikuwa linapanuka, kando zake hazilingani, huku jeusi, huku kahawia. Idi ikaja, nikalifunika tena.

Halafu likapasuka, likawa kidonda kisichopona. Dada akasema labda alikanyaga mwiba wa muchikichi. Na mimi nikaitikia.

Tulipofika hospitali Bujumbura, matezi ya kinena yalikuwa yameshavimba. Wakakata muguu juu ya kifundo. Muganga akatueleza ni kanseri ya ngozi, ile isiyotokea mara nyingi, inaota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, hata kwetu watu weusi. Nikamuuliza kama ni piko.

"Hapana, mama, piko haikuleta hii," akasema. "Mungekuja mapema, pengine tungetoa kipande kidogo tu."

Kumbe hakukuwa na cha kuficha! Nilikaa chini pale koridoni, machozi yakagoma.

Dada nimemwambia ukweli wote. Akageukia ukuta. Matezi bado yamevimba, dawa zinamuchosha. Nampikia, anakula, ananiambia murakoze, ile asante ya heshima, kama ananiambia mugeni.

Mabibi, kabla ya kupakwa, geuzeni nyayo mwangani. Ukiona doa jipya linalokua, mustari mweusi chini ya ukucha, ao kidonda kisichopona, nenda kwa muganga, hata kama hakuna maumivu. Na mupakaji akikuambia ni rangi tu, itatoka, usimupe muguu wako. Mimi pia nilisema hivyo, na nilikuwa najua nasema uongo.