Siku Niliyompamba Profesa kwa Lubugo

Jamani, habari hii nikiisimulia huwa nafunika uso kwa kiganja, na sitaki mtu anihurumie, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshaicheka mpaka nimechoka, ingawa siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Mimi Mwende, mtoto wa Machakos, ndiye niliyemwandalia matanga mtu mzima aliye hai, mchana kweupe, mbele ya chuo kizima, na tena nilikuwa nalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Ilikuwa miaka ile ambayo simu ya mkononi Kampala ilikuwa kitu cha mawaziri. Nilikuwa nimepanga chumba Kamwokya na nimepata kazi ya afisa masoko katika duka la vitabu la chuo kikuu kimoja (jina nalihifadhi, aibu bado ninayo). Nilikuwa kwenye majaribio. Meneja wangu, Madam Namutebi, ni mwanamke mpole wa sauti lakini si mpole wa maamuzi, na aliniita ofisini akaniambia bila kuzungukazunguka: "Mwende, uzinduzi wa kitabu cha Profesa ukienda vizuri, unabaki. Ukiharibika, stendi ya mabasi ya Nairobi unaijua."

Profesa mwenyewe alikuwa Profesa Kasule, mwalimu wa elimu ya udongo, mzee aliyekaa uhamishoni Nairobi miaka mibaya yote na kurudi nyumbani vita vilipoisha. Halafu akaugua. Alilala hospitali miezi mingi mpaka watu chuoni wakaanza kumtaja kwa kunong'ona, lakini akapona, akamaliza kitabu chake, na sisi ndio tulipewa kukizindua na kukiuza. Kwangu mimi kitabu hicho kilikuwa kodi ya nyumba na heshima yangu kwa mama yangu, ambaye nilikuwa nimeshamwandikia kwamba nimepata kazi ya kudumu (nilikuwa nimetanguliza kidogo).

Sasa, uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo. Dirisha la duka lilihitaji kupambwa, na bango la kuchapisha lilikuwa ghali, na Madam alikuwa ameshanionya kwamba hataki mambo ya Nairobi ya kung'arisha kila kitu. Nikasema sawa, nitafanya kitu cha wenyeji. Siku iliyotangulia uzinduzi nilikuwa Kasubi kugawa vipeperushi kwenye shule moja, nikaona kando ya barabara mama mmoja ameanika kile kitambaa cha gome la mti, chenyewe kinaitwa lubugo, rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, kizuri ajabu. Nikasema moyoni, mtu wa udongo na kitambaa cha rangi ya udongo, Mwende wewe una akili! Yule mama hata sikumbembeleza, alinipunguzia bei mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ya Kiganda taratibu kwa sura ya huzuni. Kiganda changu wakati huo kilikuwa cha kununulia nyanya. Nikamjibu kwa tabasamu, "Asante sana mama, na wewe karibu dukani," na nikaondoka nikijisifu kwamba watu wa huku ni wakarimu kweli.

Asubuhi ya uzinduzi nikaingia kazini mapema nikapamba. Nikatandaza lubugo dirisha zima. Katikati nikaweka picha kubwa ya Profesa, nyeusi na nyeupe kwa sababu picha ya rangi ilikuwa ghali, tena ile picha rasmi ambayo hacheki. Nikaizungushia maua meupe. Halafu (na hapa ndipo nilipojimaliza kabisa) chini ya picha nikamwaga rundo zuri la udongo mwekundu, kwa sababu kitabu kilikuwa cha udongo, au siyo? Nje nikasimamisha hema na kupanga viti. Nakato, mwuzaji wetu, Muganda wa Makindye ambaye angeniokoa kwa neno moja tu, nilikuwa nimemtuma tangu alfajiri apeleke vipeperushi Makindye na arudi mchana. Aliyebaki alikuwa mlinzi wetu, Afande Opio, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na yeye nilimwuliza anaonaje.

"Mimi naona kitu iko sawa, madam," akasema, mikono nyuma. "Inapendeza kabisa."

Basi nikaenda kwa mchapishaji kuchukua ratiba, na huko mashine ikakwama, nikakaa sana. Niliporudi sikuamini macho yangu. Hema limejaa! Muda wa uzinduzi ulikuwa bado, lakini viti vyote vina watu, wengine wamesimama, wanawake wazima na magauni yao ya gomesi wamekaa chini kwenye mikeka, wanafunzi wamejipanga ukutani kimya, na bibi mmoja analia na leso mdomoni. Mimi nikajua tu ni furaha, mzee wao amepona. Moyo ulinijaa jamani, nikamwona mama yangu Machakos akiwaonyesha majirani barua yangu.

Nikachukua kipaza sauti. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Karibuni sana, karibuni nyote! Leo ni siku ya furaha kubwa! Soda ziko njiani, na vitabu vipo vya kutosha!"

Watu wakanitazama. Bibi wa leso akaacha kulia akanikodolea macho, na mkuu wa kitivo, ambaye chuo kizima kilijua hasalimiani na Profesa, alikuwa amesimama katikati na karatasi mkononi, maana kumbe nilikuwa nimemkatiza akisema jinsi marehemu alivyokuwa mwalimu bora kuliko wote. Akakohoa, akanisogelea, akaniambia kwa upole kwamba huenda nimepatwa na mshtuko, nikae.

Wakati huo huo Nakato akatokea getini. Akaona dirisha. Mikono miwili kichwani, akaja mbio.

"Banange! Mwende, Profesa amekufa lini?"

"Nani amekufa? Anakuja saa nane kuzindua kitabu!"

"Sasa kwa nini umeweka lubugo? Nyabo, hiyo ni ya kuzikia! Tunafungia maiti! Na huo udongo, na picha... bambi, umemzika!"

Nikamgeukia Afande Opio. Alikuwa amevua kofia. "Watu ilikuja, naangalia dirisha, nalia," akasema. "Mimi nikasema labda ni kweli, nikawapa viti. Mimi si Muganda, madam. Nitajuaje?"

Nilikimbilia dirisha ili niivute chini ile picha, na nilikuwa bado sijaufikia mlango gari la Profesa likaingia. Alishuka kwanza yeye na fimbo yake, mwembamba, suti inampwaya. Watu walipiga yowe. Viti vikaanguka, wanafunzi wengine wakaruka ukuta, bibi wa leso akapiga magoti akaanza kusali, na Afande Opio, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kukabili jambo zito, akapiga saluti.

Profesa akasimama mbele ya dirisha akajitazama. Akajitazama sana. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi: "Binti, hii picha siipendi. Siku yenyewe ikifika, wekeni nyingine." Akageuka kwa mkuu wa kitivo, akachungulia ile karatasi yake. "Endelea, bwana. Naona umeandika nilikuwa mwalimu bora. Usinikatize utamu."

Watu wakacheka, wengine huku wanalia, na mimi nikaanza kupumua. Lakini mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, hakucheka. Alikuwa ameshuka upande wa pili wa gari, ameshikilia mlango, uso umempauka, macho yako kwenye lubugo. Akaja akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka stoo, akafunga mlango.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nani amekupa ile? Nani ameingia chumbani kwangu?"

"Mama, nimeinunua Kasubi. Nilidhani ni pambo. Mimi ni Mkenya tu, sikujua."

Akakaa juu ya boksi la madaftari. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Profesa alipokuwa hospitali, daktari alimwambia ajiandae, naye akaenda peke yake akanunua lubugo akaificha juu ya kabati, na mpaka leo mume wake hajui. Alipoona dirisha alidhani ni ile, alidhani imetolewa mbele za watu, na kwamba mzee amejua kuwa mke wake alishakata tamaa.

Mimi Mkamba sikuwa nimewahi kumpigia mtu magoti maishani, ingawa huku wanawake huwasalimu wakubwa hivyo, na wenyeji walikuwa wananisema kwa hilo. Siku hiyo nilipiga bila kuambiwa. Niliona aibu ambayo ile ya kipaza sauti haikuifikia hata robo.

"Inuka," akasema. "Ile yako ichukue. Usiikate, usiiuze, usimrudishie aliyekuuzia. Kaa nayo, ina siku yake." Akafuta macho, akatoka, akaenda kukaa karibu na mume wake.

Vitabu viliisha vyote, maana waliokuja kumlilia waliona vibaya kuondoka mikono mitupu. Madam Namutebi alisema nabaki, lakini dirisha nisiliguse tena. Na mimi niliapa, na kiapo hicho nakitunza hadi leo, kwamba sitandiki kitambaa popote kabla sijamwuliza mwenyeji: kwenu hapa, hiki huwekwa lini?

Profesa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipopita dukani aliuliza kama kuna mtu amezikwa leo. Alipofariki kweli, nilishusha ile lubugo kutoka juu ya kabati langu Kamwokya, nikasafiri mpaka kijijini kwao, upande wa Masaka. Picha waliyoweka ilikuwa nyingine, ya rangi, anacheka. Nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka, nikapiga magoti, nikampa. Aliifungua pembeni kidogo, akaitambua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwende," akasema, "leo umeileta siku yake."